Nyuzi za Wazee Mbele, Gitaa Nyuma

Diwân, albamu ya Rachid Taha iliyotoka mwaka 1998, inafunguliwa na Ya Rayah. Nyuzi ndizo zinazotangulia. Zinadonolewa bila haraka, mdundo unaingia, vinanda vinajibu, ndipo inakuja sauti ya Taha, sauti nzito yenye mikwaruzo, ya mtu aliyekesha na kuvuta sigara nyingi. Besi na mitambo ya studio za Ulaya vimo humo ndani, na ukiongeza sauti utavisikia wazi, lakini havimkati mzee kauli. Nasema mzee kwa sababu wimbo si wa Taha. Ni wa Dahmane El Harrachi, mwimbaji wa chaabi, ule muziki wa mitaa ya Algiers, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1980. Aliutunga kwa ajili ya watu wa kwao waliokuwa wakivuka bahari kwenda kutafuta maisha Ufaransa. Anamwambia anayeondoka kwamba atazunguka, atachoka, na mwisho atarudi.

Kwetu Musoma, mkoani Mara, tunamjua huyo anayeondoka. Kila ukoo wa huku una wake: wa migodini, wa Nairobi, wa Dar es Salaam, na siku hizi binti aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Labda ndiyo maana wimbo huo uliniingia kabla sijajua unasema nini. Kiarabu changu hakizidi kile kilichokwisha kuwa Kiswahili, na Kifaransa changu nimekiokota katika nyimbo za Kikongo.

Hilo halijawahi kuwa kizuizi kwetu. Panda gari pale stendi ya Bweri uende Bunda, usikilize kinachotoka kwenye flashi ya dereva. Hadi Makutano ni benga ya Kijaluo. Kufika Kiabakari ni Msukuma anaimba, na kabla hujaona nyumba za Bunda umeshapigiwa Franco na TPOK Jazz, Kilingala kikichovywa Kifaransa. Ndani ya gari mna Mjita, Mkurya, Mzanaki, Mwikizu, na mama mwenye ndoo ya dagaa ambaye huenda haelewi hata lugha moja kati ya hizo zilizoimbwa. Anayeelewa anacheka mahali pa kuchekesha. Asiyeelewa anasikiliza gitaa linavyoongea, na linapofika pale panapochangamka, kichwa chake kinaanza kwenda na mdundo. Abiria wa Mara ni msikilizaji aliyefunzwa na barabara. Ukimwekea Taha akiimba Kiarabu cha Algeria na Kifaransa cha mitaani, hatauliza tafsiri. Atataka kujua kama kuna mtu ndani ya wimbo.

Na mtu yumo. Taha alizaliwa Sig, mji mdogo karibu na Oran, Septemba 1958, Algeria ikiwa katikati ya vita vya uhuru. Alipofika miaka 10 wazazi wake wakahamia Ufaransa. Ujana ulimkuta Lyon, mchana akifanya kazi katika kiwanda cha mitambo ya kupashia nyumba joto, usiku akipiga santuri klabuni, ambako alikuwa akizifunga nyimbo za Kiarabu kwenye midundo ya Led Zeppelin, Bo Diddley na Kraftwerk. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na wenzake wakaanzisha bendi wakaiita Carte de Séjour, jina la kile kibali cha kuishi ambacho mgeni lazima awe nacho. Mwaka 1986 wakauimba upya Douce France, wimbo wa Charles Trenet wa kuisifu Ufaransa ya utotoni mwake. Maneno yalibaki yaleyale. Sasa yalitoka kinywani mwa mtoto wa Mualgeria, yakisindikizwa na nyuzi za Kiarabu, wakati wanasiasa wanabishana nani anastahili uraia. Nakala zake ziligawiwa kwa wabunge mjini Paris.

Kijana wa aina hiyo, mwenye hasira na kelele za kutosha, angeweza kuendelea hivyo hadi uzeeni. Kinachonigusa ni kwamba akikaribia miaka 40 aliwageukia wazee. Diwân ni mkusanyiko wa nyimbo zao. Kuna Menfi, wimbo wa wafungwa wa Kialgeria waliohamishiwa na Wafaransa kisiwa cha mbali cha Kaledonia Mpya. Kuna Habina wa Farid al-Atrash, bingwa wa udi aliyetamba Misri. Mtayarishaji ni Mwingereza Steve Hillage, mpiga gitaa aliyewahi kuwa katika bendi ya Gong, na ambaye alikuwa na Taha tangu siku za Carte de Séjour. Hillage angeweza kujaza gitaa lake kila mahali, na hakufanya hivyo.

Tukumbuke pia ni mwaka gani. Algeria ilikuwa inachinjana. Cheb Hasni, kipenzi cha vijana katika uimbaji wa raï, alipigwa risasi Oran Septemba 1994. Matoub Lounès, mwimbaji wa Wakabyle, aliuawa Juni 1998, mwaka uleule wa Diwân. Kuimba kulikuwa kunaua watu. Katika hali hiyo mtu anakaa Paris, anakusanya nyimbo za baba zake, anazipa ngoma na besi zitakazowafanya watoto waliozaliwa Ufaransa wazicheze. Sioni mchezo wa mtindo hapo. Naona kazi nzito ya urithi iliyofanywa na mtu aliyejua kwamba urithi usiochezwa hautadumu.

Tékitoi, ya mwaka 2004, ina ukali zaidi. Jina lake ni Kifaransa cha vijiweni, kama mtu anayekuuliza kwa kukukazia macho: wewe ni nani? Humo ndimo alimoweka Rock el Casbah, wimbo wa The Clash wa mwaka 1982 uliotungwa na Waingereza kuhusu mfalme wa jangwani anayepiga marufuku roki. Taha alikuwa akisimulia kwamba kabla ya wimbo ule kutoka aliwahi kuwapa The Clash kanda ya bendi yake mjini Paris. Alipouimba yeye aliugeuza Kiarabu, akautia filimbi na vinanda vya kwao, na baadaye Mick Jones wa The Clash mwenyewe akapanda naye jukwaani kuupiga. Wimbo uliowasema Waarabu kutoka nje ukawa umepata wenyewe. Naupenda sana. Hata hivyo kwa albamu nzima naichagua Diwân, kwa kuwa katika Tékitoi kuna sehemu gitaa limepewa nafasi kubwa mno na zile nyuzi za kudonoa zinabaki kama pambo.

Hili la nani atangulie na nani afuate ndilo ninalolibeba kila nikikata kona pale Makutano kwenda Butiama. Mwalimu Nyerere amezikwa Mwitongo, nyumbani kwao, na jirani hapo kuna makumbusho yenye vitu vyake na zawadi alizopewa na watu wa mataifa. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya kutimiza mwaka mmoja wa uhuru, alipohutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri, alisema hakuna kosa la ukoloni lililozidi lile la kutuaminisha kwamba hatukuwa na utamaduni wetu. Akataja rumba, cha-cha-cha na rokenrol tulizojifunza kucheza, akahoji ni wangapi kati yetu wamepata kucheza, au hata kusikia, ngoma za gombe sugu na mangala. Akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana.

Hotuba ile siichukulii kwa wepesi. Alikuwa anasema jambo la kweli, na watu wa Mara wanalijua kwa karibu. Wapo wazee wa huku walioambiwa na wahubiri kwamba ngoma ni ya shetani, na wapo waliokwenda shule wakarudi wanaona haya baba zao wakishika litungu, ala yao ya nyuzi. Ila lile neno lilipotoka mdomoni mwa Mwalimu na kufika kwa watekelezaji, lilipungua akili. Ikaja Operesheni Vijana na msako wa sketi fupi na suruali za kubana. Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Gombe sugu haikupata mchezaji mpya kwa sababu James Brown amezimwa.

Na Mwalimu mwenyewe, akiwa mezani na kalamu yake, alikuwa anafanya kitu kingine kabisa. Mwaka 1963 alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Uzeeni akazigeuza Injili kuwa tenzi. Alimchukua mgeni mkubwa kuliko wote katika fasihi ya Kiingereza akamwambia: hapa kwetu utasema Kiswahili, tena Kiswahili kizuri. Alichofanya Taha kwa The Clash ni kilekile. Namwamini Mwalimu wa tafsiri kuliko watekelezaji wa hotuba yake, na nadhani angekaa akaisikiliza Diwân hadi mwisho. Algeria haikuwa ngeni kwake. Wapiganaji wa kwanza wa FRELIMO ya Msumbiji, akiwamo Samora Machel, walipitia Dar es Salaam wakapelekwa Algeria kufunzwa vita mwaka 1963. Na kwa upande wa Taha, albamu yake ya mwisho, iliyotoka mwaka 2019, mwaka mmoja baada ya kufariki Septemba 2018, inaitwa Je suis africain: mimi ni Mwafrika.

Sisi nasi tulijaribu roki. Sunburst, bendi iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1970, ilitoa Ave Africa mwaka 1976 ikiwa Zambia, albamu yenye gitaa la kuunguza na sauti za Kiswahili, ambayo ilisahaulika hadi ilipotolewa upya mwaka 2016. Patrick Balisidya na Afro 70 walishirikiana na bendi ya Kiswidi iitwayo Archimedes Badkar wakatoa Bado Kidogo mwaka 1978. Ni kazi za kujivunia. Lakini mwana wa Mara aliyefanya jambo la Taha, tena miaka thelathini kabla ya Diwân, hakujiita mpiga roki.

Ni Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 Nyamagongo, upande wa Shirati, kusini kidogo ya mpaka wa Kenya. Wakenya wanamwita babu wa benga, na wana haki kwa sababu umaarufu aliupatia kwao akiwa na Shirati Jazz. Nyimbo zake za mafumbo kuhusu watawala zilimtia matatani na serikali ya Kenya zaidi ya mara moja. Alifariki kwa ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006. Jina la kijiji cha Mara alilibeba katika jina la bendi yake hadi mwisho.

Ili kuelewa alichofanya, mtazame kwanza mpiga nyatiti. Anakaa kwenye kigoda kifupi, ala yake ya nyuzi nane ameilaza ubavuni. Vidole vya mikono miwili vinadonoa. Kwenye dole gumba la mguu amevaa pete ya chuma anayogongea ukingo wa ala, na mguuni amefunga njuga. Juu ya hayo yote anaimba. Mtu mmoja ni bendi nzima. Misiani na wenzake wa rika lake waliugawa mwili wa mtu huyo. Vidole vikaenda kwa gitaa la solo, zile nyuzi za chini zikawa besi, pete ya chuma na njuga zikawa dramu. Kazi ilibaki ileile: gitaa linajibu kila mstari wa mwimbaji kama nyatiti inavyojibu, na mwimbaji akinyamaza gitaa linakimbia peke yake hadi watu wanyanyuke vitini. Umeme uliingia, mpangilio wa mzee ukabaki. Ndiyo maana miaka mingi baadaye vijana wawili wa Marekani walipotaka kuoanisha roki yao na benga, wakiwa na kina Otieno Jagwasi katika bendi ya Extra Golden, albamu yao ya Ok-Oyot System ya mwaka 2006 haikuwa na mishono mikubwa. Gitaa la Kijaluo lilikuwa tayari limejua umeme na lugha yake kwa pamoja.

Wajaluo wa Rorya, basi, wameshapata mtu wao. Upande wa pili wa mkoa, kwa Wakurya, Wazanaki, Waikizu na majirani zao, kuna litungu. Nalo ni la nyuzi nane, lakini tumbo lake ni kubwa na sauti yake inatokea chini kabisa, mngurumo wenye mtetemo ambao unausikia kifuani kabla ya masikioni. Nililisikia vizuri katika harusi moja wilayani Butiama. Mshereheshaji alimwita mzee aliyealikwa na upande wa bwana harusi. Mzee akakaa, akageuza vile vitambaa vilivyokazwa kwenye mti wa juu kimoja kimoja, akidonoa na kusikiliza huku ameinamisha sikio. Nyuzi zenyewe zilikuwa za nailoni, mshipi uleule wa kuvulia unaouzwa Mwigobero, Musoma. Zamani zilikuwa mishipa ya ng'ombe. Kwa hiyo hata litungu la mzee lilikuwa limekwisha kukubali kitu cha dukani, na hakuna aliyesema limepotea.

Wakamsogezea maiki, karibu kabisa na ngozi. Alipoanza, zile spika kubwa za kukodi zikakoroma. Meza zikatetemeka. Kijana wa mitambo akakimbilia kupunguza besi, na wazee wawili waliokaa mbele wakampungia mkono aache. Akaacha. Kwa dakika kadhaa litungu likatoka katika spika zilezile zilizokuwa zikipiga Bongo Fleva tangu mchana, zito, chafu kidogo pembeni, likijirudia mzunguko uleule na kila mara likiongeza kitu. Vijana waliokuwa nje kwenye bodaboda wakaingia ndani kusimama. Mpiga gitaa wa roki hununua vifaa vya bei mbaya apate mngurumo wa namna ile, na mzee wa Butiama alikuwa nao kwenye mti, ngozi na mshipi wa samaki.

Tangu siku hiyo nina albamu kichwani. Sijaisikia bado popote, na ninaitaka. Naitaka irekodiwe Musoma, katika moja ya zile studio za chumba kimoja zinazotengenezea kwaya, kwa sababu wapiga dramu na besi wazuri wa mji huu wako kanisani na wanajua kufuata. Naitaka iwe na gitaa moja la umeme, la mtu aliyekulia benga, ambaye ameambiwa mapema kwamba mwenye wimbo ni litungu. Lugha ziwe zilezile za barabarani: Kikurya, Kizanaki, Kijita, Kiswahili, bila kumtafsiria mtu katikati ya wimbo. Nyimbo ziwe za zamani, za mifugo, za vita, za kusifu na za kusuta, pamoja na zile za vijana waliokwenda mbali. Asichaguliwe mzee mmoja wa kuwakilisha mkoa. Nyimbo ndefu zisikatwe ziwe za dakika tatu eti ili redio izipige. Na kama kuna mahali gitaa linataka kufoka, lifoke, ili mradi litungu limekwisha kusema lake.

Makumbusho ya Butiama yana kazi yake na naiheshimu. Litungu lililotundikwa ukutani linamwonyesha mtoto wa shule umbo la ala. Halimwonyeshi ni saa ngapi ya usiku watu huanza kupagawa, wala kwa nini mpigaji hufumba macho afikapo uzi wa tatu. Hayo yanatoka kwa mpigaji.

Dahmane El Harrachi hakumsikia Taha akiimba Ya Rayah. Alikuwa amekufa miaka 18 kabla ya Diwân, na heshima hiyo ilimfikia kaburini. Wazee wetu wapo, Butiama, Serengeti na Tarime, wengine wanaitwa harusini kwa soda na nauli. Wanaweza kuingia studio kwa miguu yao. Wakae wao mbele ya maiki, wasikilize kilichorekodiwa, na wanapokataa mdundo fulani usiwekwe. Walipwe siku hiyohiyo kabla ya mpiga gitaa. Nyimbo zisajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina yao, na kwenye jalada majina hayo yaandikwe kwa herufi za ukubwa sawa na zile za kijana aliyewaita.